Shimo la Mazuku Nyuma ya Nyumba Ninayouza

Mpendwa Papa Athanase, mushauri wetu wa gazeti,

Naomba musaada wako, na kama utapenda kucheka mbele ya kunisaidia, cheka tu, sababu hata mimi ningecheka kama maneno haya yangekuwa ya mwingine.

Naitwa Gustave, muntu wa Ntoto kule Walikale, mutega nyama na mutoto wa mutega nyama, lakini sasa nakaa huku Bweremana kandokando ya ziwa, nakausha samaki na kuwauzisha kwa watu wa milima, na kwetu wote wanajua kwamba Gustave njo muntu mwenye akili ya kununua na kuuzisha, na wanajua vile sababu mimi mwenyewe niliwaambia.

Nilipochoka kupanga kwa watu, nikatafuta nyumba, na akaja kwangu Marcellin. Marcellin ni komisioneri, yule dalali wa hapa mwenye kofia nyeusi na velo ya kukanyaga, anayejua nani anahama na nani anatafuta mahali, na anakula kidogo kwa huyu na kidogo kwa yule. Akanipeleka kwa muntu mumoja Hubert, aliyekuwa anataka kupanda mulimani Bihambwe kulima maharagi. Nyumba ilikuwa nzuri, Papa, nje kidogo ya muji, upande wa kwenda Sake, ukuta umepakwa chokaa, migomba inainama na mikungu, na nyuma ya jiko kuko bonde kadogo katikati ya mawe meusi ya volkano ya zamani, na mule ndani majani mabichi kuliko majani yote ya Bweremana. Unajua kwetu hatuuzishe udongo, udongo ni wa mwami, mutawala wetu, tunauzisha nyumba na migomba, kapita, mukubwa wa kijiji, anakunywa pombe yake, anakubali, na maneno yanaisha.

Sasa sikiliza akili yangu. Hubert akataja bei. Mimi nikakohoa. Akashusha. Nikakohoa tena, nikaangalia paa. Akashusha tena. Nikasimama kama muntu anayeenda, sikusema hata neno, na yeye akashusha mara ingine na kuniangalia kwa huruma. Nikanunua. Nikahamia na bibi yangu Euphrasie, na mahali pote walipokunywa pombe ya kasiksi niliwaelezea vile nilimushinda Hubert kwa kikohozi tu, na nikawaonyesha namna ya kukohoa.

Basi asubuhi moja nikaenda kuangalia lile bonde, nikakuta ndege amelala juu ya majani, amekufa, hana kidonda. Kesho yake panya wa pori. Halafu kwale, munono, kama amechaguliwa. Mimi mutega nyama wa Ntoto, maisha yangu yote nimehangaika na mitego, na leo nyama inakuja kulala nyuma ya jiko langu bila kamba! Nilikuwa mvivu wa kushuka kwa yale mawe, nikakata fito ndefu yenye ndoana, nikawa nasimama juu na kuwavuta. Nikamuambia Euphrasie, "Unaona? Mungu anatulisha kama wana wa Israeli."

Akaniambia, "Kama ni Mungu anatulisha, juu ya nini paka anakataa kula?"

Nikamujibu kwamba paka amezoea samaki, ameharibika. Na mimi nikakula. Papa, nilikula wale ndege mpaka nikanenepa. Majirani wakaanza kupita mbali na lupango yetu, kiwanja chetu, wakiniona wanashusha macho, na mimi nikafikiri ni heshima.

Siku ile ya mubaya ilikuwa asubuhi, upepo haujaamuka, ziwa limetulia kama mafuta ndani ya sahani. Mbuzi yetu ikakata kamba, ikashuka kwa yale majani. Euphrasie akashuka kuifuata. Mimi niko kwa moto, nageuza samaki, sisikie kitu. Jirani yetu Mama Léontine alikuwa anapita na mutungi wake kwenda kuchota maji, akaona bibi yangu anapiga magoti mule ndani kama anayetaka kuomba, halafu analala uso chini. Akatupa mutungi, akapiga kelele, "Mazuku! Mazuku!"

Na mimi, Papa, mimi mwenye akili, nikatoka nje na kuuliza, "Mazuku ni nani?" Nilifikiri ni mugeni amefika.

Nikataka kuruka ndani, Mama Léontine akanikamata kwa mukaba, akanipiga kofi, akasema, "Ukishuka, nitavuta wawili!" Akanyakua ile fito yangu ya ndege, akaingiza ndoana ndani ya kitambaa Euphrasie alichojifunga kiunoni, na mimi nikavuta, na watu wawili waliotoka ziwani wakavuta, tukamupandisha juu ya mawe kama mufuko. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Nilimuita jina lake la ubatizo, nikamuita jina lake la kwao, nikamuita mama. Alipotapika, nililia kama mutoto. Kichwa kikamuuma mpaka Jumapili ikapita na ingine ikafika. Mbuzi ilibaki mule.

Hapo njo walinielezea. Mazuku ni pepo mubaya, hewa ya sumu inayotoka chini ya udongo, haina rangi, haina harufu, inakaa ndani ya mabonde kama maji ndani ya beseni, zaidi asubuhi wakati upepo umelala, na kila anayeshusha kichwa mule anaikunywa na anaanguka. Watu wa hapa wanajua tangu wako watoto. Kwetu porini haiko, na jina lake sikupata kulisikia.

Nikamuuliza Mama Léontine, "Juu ya nini hamukuniambia?"

Akanijibu, "Papa Gustave, komisioneri alituambia unajua yote. Na kama muntu anajua, na kila asubuhi anakula wale ndege, sisi tukaona heri tumuache na dawa zake." Kumbe ile heshima ilikuwa woga. Walifikiri niko murozi, muchawi.

Nikapanda Bihambwe na hasira, nikiwa nimetayarisha maneno makali kwa njia nzima. Hubert akatoka shambani anafurahi, anauliza habari ya Euphrasie. Nilipomuelezea, akaweka jembe chini.

"Mimi nilimuambia Marcellin yote," akasema. "Nikamuambia, mueleze huyu muntu wa pori mbele ya kumuleta. Akarudi akasema, nimemuambia, anakubali, lakini bei ishuke. Njo juu ya ile kila ulipokohoa mi nilishusha. Nilifikiri unakohoa juu ya mazuku."

Papa Athanase, nilipanda ule mulima na hasira, nikashuka na haya. Kikohozi changu chote, ujanja wangu wote!

Nikaenda kwa Marcellin. Hata hakutetemeka. Akavua kofia, akaipangusa, akaniuliza, "Uliniuliza habari ya mazuku?"

"Ningeuliza namna gani neno nisilojua jina lake?"

"Basi hukuuliza. Na mimi sikudanganya. Tena, Gustave, udongo ni wa nani?"

"Wa mwami."

"Wewe ulinunua nini?"

"Nyumba na migomba."

"Nyumba inavuja? Migomba haizae? Lile shimo haliko nyumba, haliko mugomba, liko la mwami. Mimi komisioneri mudogo nitatangaza shimo la mwami kama nani?"

Na haya yangu kubwa njo hii, kwamba nilitoka na hasira ya kumupiga, na nilipofika kwa mulango maneno yake yakaanza kunipendeza. Sababu aliongeza hivi: "Usilie. Ulinunua kwa kimya, uzisha kwa kimya. Nitakuletea munuzi."

Akamuleta, Papa. Akamuleta Édouard, muntu wa kwetu Ntoto, tulibatizwa siku moja, na bibi yake Joséphine-Marie, na watoto watatu, wa mwisho anajifunza kutembea. Wanataka kuacha pori, waanze kazi ya samaki. Édouard aliposikia nyumba ni ya Gustave alituma mbuzi wawili kama malipo ya kwanza, hata hajaona paa, akisema, kwa Gustave nina lazima gani ya kuona?

Marcellin aliwaleta kisha saa sita, wakati upepo wa ziwa unapiga na lile shimo linakaa kimya kama muntu mwema. Édouard alizunguka anasifu kila kitu. Bibi yake hakusifu. Alifinya ukuta, aliinua macho kwa paa, akasimama kwa mulango wa jiko na mutoto mugongoni, akauliza, "Papa Gustave, na pale chini kuko nini?"

Nikamuangalia Marcellin. Marcellin akaangalia ziwa.

Nikasema, "Majani tu, Mama. Majani ya mbuzi."

"Basi ni vizuri," akasema, "watoto watachungia karibu, nitakuwa nawaona."

Akacheka, na mimi nikacheka pamoja naye. Ile kicheko, Papa, inanirudia kila mara ninapofungua kinywa kula.

Tangu siku ile Euphrasie haongee na mimi. Anaongea na kuku: "Wewe kuku, ambia yule baba chakula kimeiva." Mara moja tu alinigeukia, akasema, "Aliyekuwa mule ndani ni mimi, hapana mbuzi tu," akaondoka.

Wanahamia kisha mavuno ya maharagi. Sasa nakuuliza. Kama mwanamuke aliuliza kuko nini, na mimi nikasema majani, na majani kweli yako, nimedanganya? Na kosa la kwanza ni la nani, Hubert aliyetuma maneno, ao Marcellin aliyeyameza, ao mimi niliyekuja nyuma na nimekosewa kama wengine? Nikisema ukweli, nabaki na nyumba ambayo haiuzike, na Walikale nzima itasikia kwamba yule mwenye akili alinunua kinywa cha kaburi na kujisifu juu yake, na nani tena atanunua samaki kwangu? Marcellin anasema nikifungua kinywa nitakuwa nimemuharibia kazi. Nisaidie, Papa, na tafadhali usiandike jina la ukoo wangu, wazee wangu wangali wanaishi na wanajivunia mimi.

Ni mimi, mujanja wa zamani,
Gustave wa Bweremana

*

JIBU

Papa Gustave,

Nimecheka, kama ulivyoniruhusu. Nimecheka kwa kikohozi, nimecheka kwa wale ndege, nimemsomea mke wangu naye akacheka. Tulipofika kwa yule mama aliyesimama mlangoni pa jiko na mtoto mgongoni, kicheko kilitukauka wote wawili.

Kwanza nikupe pole, kwa sababu unaistahili. Ulikosewa. Mtu wa msituni hawezi kujua mazuku, kama vile mtu wa ziwani asivyojua mtego wa nguruwe mpaka aukanyage. Kutojua siyo upumbavu. Kula ndege ambaye paka wako mwenyewe amemkataa, huo ndio upumbavu, lakini hauna hukumu barazani, na tumbo lako limekusamehe.

Sasa tuache pole. Unaniuliza kama ulidanganya uliposema "majani". Wewe ni mtega nyama. Ukichimba shimo njiani, ukalifunika kwa majani, na mtu akakuuliza, "Ndugu, pale kuna nini?" nawe ukajibu, "Majani," umemwambia kweli? Jijibu mwenyewe, mimi sina haja ya kukujibu.

Nilikaa miaka mingi barazani nikisikiliza mashauri ya nyumba, mashamba na ng'ombe, na nitakueleza jinsi wazee walivyokata. Paa likivuja, mnunuzi ana macho, aangalie juu. Ukuta ukipasuka, ana vidole, aufinye. Akinunua kitu kibovu kinachoonekana, asimlilie mtu. Lakini ubaya usioonekana kwa jicho wala kunuswa kwa pua, ambao muuzaji anaujua na mnunuzi hawezi kuujua, huo muuzaji anausema bila kuulizwa. Hangoji swali. Marcellin anasema hukuuliza. Mtu ataulizaje jambo ambalo hajui kama lipo? Ulimwambia hivyo wewe mwenyewe, na lilikuwa neno la akili kuliko yote katika barua yako. Basi mbona lilikutoka kichwani mnunuzi alipokuwa mwingine? Tena wewe uliulizwa! Mama yule alikupa mlango uliofunguliwa wazi, nawe ukaufunga na kucheka.

Na hilo la mwami, lisikusumbue. Shimo ni la mwami, ulimi ni wako.

Unataka kujua kosa la kwanza ni la nani. Hubert alikosa. Alitaka kusema, namwamini, lakini alituma kinywa cha mtu mwingine kwa jambo la kufa na kupona, na mtu akituma kinywa, analipa kwa yale ambayo kinywa kimesema na kwa yale ambayo kimemeza. Alipaswa kukushika mkono na kukusimamisha juu ya lile bonde. Basi Hubert ana deni kwako, kisha yeye na Marcellin wamalizane wao. Marcellin alikosa zaidi. Dalali siyo njia ambayo watu wanapita tu. Anakula huku na huku, basi anawajibika huku na huku. Alijua, akaficha, akamwambia Hubert uongo, akawaambia majirani uongo, na hata baada ya mama wa watu kuvutwa kutoka mle ndani kama samaki, akakutafutia mtu mwingine wa kumtia. Huyo asikwambie kwamba unamharibia kazi. Kazi yake ni kuunganisha watu, na aliyoifanya hapa ni kuwazika.

Lakini wewe, Papa Gustave! Hubert alikosa kwa uzembe, na angalau alimwambia mtu mmoja. Wewe hukumwambia hata mmoja. Wewe ndiye wa pekee kati ya wote watatu uliyemwona mkeo amelala mle uso chini, na ndiye unayetaka kupeleka watoto watatu wakachungie hapo. Unasema umekosewa kama wengine. Ulikuwa umekosewa. Tangu uliposema "majani", umehama upande.

Unaogopa Walikale itakucheka. Itakucheka, ndiyo. Watu hucheka msimu mmoja, kisha wanapata mwingine wa kumcheka. Mtoto wa Édouard akianguka mle, hakuna atakayecheka, na hakuna msimu utakaomaliza.

Sasa nina neno jingine. Gazeti hili linatoka mara moja kwa mwezi, na mtoto anayejifunza kutembea hangoji gazeti. Siku ile niliyosoma barua yako nilimwandikia Édouard, nikampa barua Michel, dereva wa lori la mbao, aifikishe Ntoto. Sikuomba ruhusa yako na siombi msamaha. Michel amerudi na jibu, na jibu limeandikwa kwa maneno ya Mama Joséphine-Marie. Linasema hivi:

"Papa, tunashukuru, lakini tunajua. Siku ile ile tulipokuja kuona nyumba, Mama Euphrasie alitusindikiza mpaka njia panda, akatueleza yote, akatuonyesha alama za mawe kwa magoti yake. Akatuomba kitu kimoja, tusimuambie bwana yake kwamba tunajua. Alisema, mungojee, atakuja kusema mwenyewe, mimi namujua. Hatuhamie. Lakini mbuzi wetu tumewaacha kwa Papa Gustave, na tunangoja tuone."

Umesikia? Siri yako haiko tena. Watoto wako salama, mkeo aliwaokoa wakati wewe na Marcellin mlipofunga vinywa. Mama huyo, ambaye haongei nawe, ameweka neno lake juu yako mbele ya watu wa kwenu. Kilichobaki siyo maisha yao. Kilichobaki ni jina lako, na bado liko mikononi mwako, ingawa sijui kwa muda gani.

Ninatuma jibu hili kwa mkono wa Michel, ulisome kabla halijachapishwa. Fanya hivi.

Wafungue wale mbuzi wawili leo, uwapeleke Ntoto wewe mwenyewe, kwa miguu yako. Usimtume mtu, umekwisha ona faida ya kutuma watu. Waweke chini mume na mke, wote wawili pamoja, maana aliyekuuliza ni mke. Neno la kwanza la kinywa chako liwe "mazuku". Usianze na habari ya Hubert, usianze na Marcellin, na nakusihi usikohoe. Usiwaambie kwamba umesoma hapa kuwa wanajua. Sema kama mtu anayesema kwa wasiojua, kwa sababu ndivyo ulivyopaswa kusema tangu mwanzo.

Ukirudi, nenda kwa kapita na Mama Léontine awe shahidi, umwite Hubert na Marcellin. Usiende kuomba kulipiza kisasi. Omba kile kilicho haki yako. Zungushia lile bonde ukuta wa mawe unaofika kifuani, hata kama ni la mwami. Mwami hatakasirika.

Na ikiwa siku moja utapata mnunuzi, mlete asubuhi na mapema, kabla ya upepo, siyo saa ambazo komisioneri anazipenda. Washa kishungi cha majani makavu kwenye ncha ya fito, ukishushe mle taratibu mbele ya macho yake. Moto utazimika bila mtu kuupulizia. Mwache auangalie mpaka atosheke, kisha mtajie bei kapita akisikia. Akikubali, umeuza. Akikimbia, umelala vizuri.

Ondoka leo.

Papa Athanase

*

Mimi Athanase niliyashika maneno haya bila kuyachapisha mpaka nijue mwisho wake, na sasa Gustave mwenyewe ameniruhusu kuyachapisha yote, hata ndege.

Kapita aliwaita. Hubert hakubisha hata kidogo. Alisema alipaswa kuja mwenyewe, na atarudisha sehemu ya bei kwa maharagi, mavuno baada ya mavuno. Marcellin alibisha sana, akamtaja mwami mara nyingi, mpaka mzee mmoja akamuuliza kama mwami ndiye aliyekula ujira wa pande zote mbili. Akahukumiwa kuurudisha wote, na kubeba mawe ya ule ukuta kwa kichwa chake mwenyewe. Watu wa Bweremana walikuja kuangalia. Nimeambiwa aliikunja ile kofia nyeusi akaifanya kata ya kubebea.

Nyumba haijauzwa. Gustave na Euphrasie wangali wanakaa mle, na jiko wamelihamishia mbele.

Lakini ninalotaka nyinyi mnaouza mlisikie ni la Ntoto, nami nimelipata kwa Édouard. Gustave alifika na mbuzi wawili, matope mpaka magotini. Alikataa kiti, alikataa maji. Akasimama katikati ya uwanja akasema, "Mazuku. Nyuma ya jiko langu kuko mazuku, bibi yangu nusura afe mule, na Mama aliniuliza nikamuficha." Kisha akaeleza yote, kikohozi, ndege na fito, na vijana waliokuwa karibu wakacheka mpaka wakashika mbavu, naye akawangoja wamalize, akaendelea. Édouard alikuwa ameinamisha kichwa. Joséphine-Marie alimsikiliza mpaka neno la mwisho, hakumkata wala hakumsaidia.

Aliponyamaza, yule mama aliingia ndani, akatoka na kiti kile kile ambacho Gustave alikikataa, akakiweka mbele yake.

"Sasa kaa ukule, Papa Gustave," akasema. "Nyumba yako hatuitake."